Kosa Ni Lake, Hesabu Ni Yako: Kudai Bima Baada ya Kugongwa na Dereva Mlevi

Wengi wetu tunaogongwa na dereva aliyelewa huanza kudai bima tukiwa na imani moja ambayo hatujawahi kuipima: kwamba kwa kuwa kosa la mwenzetu ni la wazi, la aibu na la jinai, kampuni yake ya bima italipa upesi, italipa vizuri, na huenda hata ikalipa kwa unyenyekevu kidogo. Aliyenigonga mimi alinikuta nimesimama kwenye taa nyekundu, akaniingia kwa nyuma bila dalili yoyote ya kushika breki. Askari walimpulizisha kipima ulevi palepale, wakampeleka kutolewa damu, na tangu siku hiyo hakuna mtu yeyote, hata yeye mwenyewe, aliyewahi kusema kwamba mimi nilichangia ajali ile. Pamoja na hayo, dai langu liliisha baadaye sana kuliko kesi yake, na karibu muda wote huo hatukuwa tunabishana kuhusu pombe.

Tulikuwa tunabishana kuhusu kiasi. Hilo ndilo jambo ambalo ningependa kila aliyegongwa namna hii alielewe mapema, kwa sababu linabadilisha kabisa mahali pa kuelekeza nguvu zake. Dai la bima lina maswali mawili: nani anawajibika, na hasara ni kiasi gani. Ulevi wa dereva hujibu swali la kwanza, mara nyingi kwa ukamilifu, kisha hunyamaza. Swali la pili hujibiwa kwa risiti, picha, vipimo vya hospitali, bei za magari yanayofanana na lako na barua za mwajiri, na katika karatasi zote hizo hakuna hata moja inayojali kama aliyekugonga alikuwa amekunywa au alikuwa anapiga chafya.

Hofu ya kwanza inayompata mtu, na mimi ilinipata nikiwa bado nimefungwa kola ya shingo, ni kwamba kampuni ya dereva itakataa kulipa kwa kisingizio kwamba mteja wake alivunja masharti. Hofu hiyo ina chanzo chake. Ukifungua hati za bima kubwa, mara nyingi utakuta sharti linalosema kwamba kampuni haitalipia gari la mwenye bima iwapo lilikuwa likiendeshwa na mtu aliyelewa pombe au dawa za kulevya. Sharti hilo hutumika kweli. Aliyenigonga alitengeneza gari lake kwa pesa zake. Lakini kinachomhusu yeye na gari lake ni jambo moja, na anachodaiwa na mtu wa tatu, yaani aliyegongwa, ni jambo jingine, na kuyatenganisha mambo hayo mawili kulihitaji kazi ya kisheria.

Massachusetts, nchini Marekani, ililazimisha bima ya magari kuanzia mwaka 1927, na Uingereza ikafuata kwa Sheria ya Usafiri wa Barabarani ya mwaka 1930. Haikuchukua muda ikaonekana kwamba kumlazimisha dereva akate bima hakumsaidii aliyegongwa ikiwa kampuni inaweza kuchomoka kwa kutumia masharti ya mkataba ambao aliyegongwa hakuusaini wala hakuwahi kuuona. Mwaka 1934 Waingereza wakaongeza vifungu vya kuziba tundu hilo, na katika sheria yao ya mwaka 1988, kifungu cha 148 kinataja waziwazi kwamba sharti linalohusu umri wa dereva, au hali ya mwili wake au akili yake, haliwezi kutumiwa kumnyima mtu wa tatu haki yake. Dereva mlevi yumo humo. Kampuni hulipa kwanza, kisha humgeukia mteja wake kumdai ilichokilipa. Nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza, zikiwemo za Afrika Mashariki, zilitunga sheria zao za bima ya mtu wa tatu kwa kufuata mfano huo, ingawa viwango vya juu vya malipo na muda wa kutoa taarifa hutofautiana, na tofauti hizo ni za kusomwa katika sheria ya mahali ulipo au kuulizwa kwa wakili, si kwa afisa wa kampuni unayoidai.

Ulinzi huo umeenea hata kwa abiria. Mwaka 2005, katika kesi ya Candolin iliyotoka Finland, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba abiria aliyepanda gari la dereva mlevi hawezi kunyimwa fidia, au kupunguziwa kupita kiasi, kwa sababu tu alichangia madhara yake kwa kukubali kupanda. Naitaja kesi hii kwa sababu abiria wengi hukata tamaa kabla hata ya kuuliza, wakiamini kwamba kujua kwao kuwa dereva amelewa kumewafungia mlango. Na kama dereva hana bima kabisa, nchi kadhaa zina mfuko wa pamoja wa kampuni za bima kwa ajili hiyo. Wa Uingereza ulianzishwa mwaka 1946. Kwingine utategemea bima yako mwenyewe.

Barua ya kwanza niliyopokea kutoka kampuni yake ilisema kwamba dai langu limepokelewa na kwamba uamuzi utasubiri matokeo ya upelelezi wa polisi. Inasikika kama busara, na wakati mwingine ni busara kweli, hasa pale ambapo haijulikani ni nani aliyepita taa ikiwa nyekundu. Kwa mtu aliyegongwa kwa nyuma akiwa amesimama haina maana, kwa sababu uwajibikaji wa dereva hapo hausimami juu ya ulevi wake. Anayeacha gari lake liingie kwenye gari lililosimama amezembea, awe amekunywa chupa nzima au hajawahi kuonja pombe maishani. Isitoshe, mahakama ya jinai hutaka kosa lithibitishwe pasipo kuacha shaka ya msingi, ilhali katika madai ya fidia inatosha jambo lionekane kuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Ndiyo maana dereva anaweza kuachiwa huru kwenye kesi ya ulevi kwa kuwa sampuli ya damu ilihifadhiwa vibaya, na kampuni yake bado ikawajibika kukulipa. Niliwaandikia hivyo, kwa ufupi na kwa adabu, nikaambatisha mchoro wa ajali uliochorwa na askari, na barua iliyofuata haikutaja upelelezi tena.

Ni vizuri pia mtu asiyumbishwe na namba za kipimo. Norway iliweka kisheria kiwango cha pombe kwenye damu ya dereva mwaka 1936, nacho kilikuwa 0.5 kwa elfu. Uingereza ilingoja hadi mwaka 1967, ikachagua miligramu 80 katika mililita 100 za damu; Scotland ikashuka hadi 50 mwaka 2014; na jimbo la Utah likashuka hadi asilimia 0.05 mwishoni mwa mwaka 2018, huku majimbo mengine ya Marekani yakibaki kwenye 0.08. Maana yake ni kwamba dereva yuleyule, mwenye damu ileile, ni mhalifu upande huu wa mpaka na si mhalifu upande ule, wakati shingo ya aliyegongwa haitambui mpaka huo. Halafu kuna suala la muda. Kazi ya mwanasayansi wa Sweden, Erik Widmark, katika miaka ya 1920 na 1930 ilionyesha kwamba mwili huondoa pombe kwa mwendo unaokaribia kuwa wa kudumu, na kadirio linalotumika sana ni kama asilimia 0.015 kwa saa. Damu iliyotolewa saa 3 baada ya ajali inaweza basi kuonyesha kiasi kilichopungua kwa asilimia 0.045, na mtu aliyekuwa juu ya kiwango barabarani akasomeka chini yake maabara. Afisa wa madai akikuambia kwamba mteja wake hakuzidi kiwango, ameeleza habari ya mashtaka, hajaeleza habari ya dai lako.

Hili lina uzito zaidi pale ambapo kilichomlevya dereva si pombe. Dawa za usingizi, baadhi ya dawa za mzio, dawa kali za maumivu na bangi huharibu umakini wa dereva, lakini uhusiano kati ya kiasi kilichomo kwenye damu na kiwango cha kulewa si wa moja kwa moja kama ulivyo wa pombe, na mashtaka yake ni magumu kuthibitisha. Aliyegongwa na dereva wa namna hiyo asikubali kuvutwa kwenye mjadala wa dawa. Aeleze gari lilikotoka, lilikoelekea na lilipogonga.

Baada ya uwajibikaji kukubaliwa ndipo simu zilipoanza, na hapa nataka kuchelewa kidogo. Afisa aliyepewa dai langu alikuwa na sauti ya upole, na nina hakika hakuwa mtu mbaya. Alianza kwa kusema, "Pole sana na ajali, ndugu yetu. Habari za leo?" Nami, kama mtu yeyote aliyelelewa kujibu salamu, nikasema, "Nzuri tu, namshukuru Mungu." Simu ilikuwa inarekodiwa, mwanzoni nilikuwa nimesikia tangazo linalosema hivyo. Baadaye, nilipopewa nakala ya jalada langu, niliona mstari unaosema kwamba mdai aliripoti kuwa hali yake ni nzuri. Usiku ule nilikuwa nimelala nikiwa nimeketi kwa sababu kulala chali kulikuwa kunanikaba shingo. Salamu zetu hazikutungwa kwa ajili ya kurekodiwa, na mtu hawezi kuanza kusoma ripoti ya daktari kila anapoulizwa habari. Kilichonisaidia baadaye ni kuomba maswali yote yaje kwa maandishi. Kwa kawaida aliyegongwa hana mkataba na kampuni ya mwenzake, wala hafungwi na sharti la kutoa maelezo ya kurekodiwa kwao; wajibu wa kushirikiana alio nao ni kwa kampuni yake mwenyewe. Ukijibu kwa maandishi, jibu linabaki na maneno uliyoyachagua.

Katika simu ileile aliniuliza kama nilikuwa nimefunga mkanda. Nilikuwa nimefunga, na askari alikuwa ameandika hivyo, lakini swali lenyewe lilinichefua: mtu mlevi ameniparamia, na mimi ndiye ninayehojiwa kuhusu mkanda. Swali hilo lina mizizi. Mwaka 1975, katika kesi ya Froom dhidi ya Butcher, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza chini ya Lord Denning ilisema kwamba kosa la kusababisha ajali na kosa la kuchangia majeraha ni vitu tofauti. Aliyeacha mkanda apunguziwe fidia kwa asilimia 25 ikiwa mkanda ungezuia majeraha yote, na asilimia 15 ikiwa ungeyapunguza kwa kiasi kikubwa, hata kama ajali yenyewe ni kosa la mwenzake kwa asilimia 100. Mahakama za nchi nyingine nyingi zina hesabu za namna hiyo. Ulevi wa aliyekugonga haufuti robo hiyo. Hilo peke yake linatosha kuonyesha jinsi swali la nani na swali la kiasi gani yanavyotembea njia mbili tofauti.

Swali lililofuata lilikuwa kama nimewahi kuumwa mgongo kabla ya ajali. Nimewahi, kama anavyoumwa mgongo kila anayefanya kazi ya kuketi, na nilisema hivyo. Wapo wanaoshauri kukana; ni ushauri mbaya, kwa sababu rekodi za hospitali huombwa na husomwa, na uongo mmoja mdogo huchafua hata yaliyo ya kweli. Tena hakuna haja ya kukana. Kanuni ya kwamba mkosaji humchukua aliyemdhuru kama alivyomkuta, mwenye fuvu jembamba kwa fuvu lake jembamba, imekuwamo katika sheria ya Kiingereza angalau tangu kesi ya Dulieu dhidi ya White ya mwaka 1901. Mdai alikuwa mjamzito aliyekuwa nyuma ya kaunta ya baa ya mumewe pale gari la farasi lilipovurumishwa hadi ndani. (Nilipoisoma kesi hiyo nilicheka kwa mara ya kwanza tangu nigongwe: safari hiyo gari ndilo lililokwenda baa.) Kazi ya mdai ni kuonyesha tofauti kati ya mgongo wa kabla na mgongo wa baada, na tofauti hiyo huonyeshwa na tarehe. Rekodi yangu ya zamani ilisema maumivu ya kuja na kuondoka, pasipo dawa, pasipo ruhusa ya kukosa kazini. Ile mpya ilisema ganzi kwenye vidole viwili vya mkono wa kushoto. Daktari aliyeandika sentensi mbili kulinganisha hali hizo alinisaidia kuliko barua zangu zote.

Kuhusu gari, nilikuwa na bima kubwa, kwa hiyo nilikuwa na njia mbili: kudai moja kwa moja kwa kampuni yake, au kudai kwa kampuni yangu na kuiachia yenyewe kazi ya kuwafuata wenzao. Njia ya kwanza inavutia kwa sababu inaonekana ya haki. Kwa nini nichangie sehemu ya kwanza ya hasara, ile ambayo mkataba unataka mwenye bima ajilipie, wakati sina kosa? Njia ya pili ina faida moja kubwa, ambayo ni kwamba kampuni yako inafungwa na mkataba wake na wewe. Ikilipa, huchukua nafasi yako na kumdai mkosaji, na katika madai yake hujumuisha ile sehemu uliyojilipia. Nilichagua ya pili kwa gari na ya kwanza kwa mwili, na bado naona ulikuwa uamuzi mzuri, maana watu wa kampuni mbili za bima wanaozungumza wao kwa wao huelewana kwa lugha ambayo mimi singeijua.

Lakini hata kampuni yako mwenyewe itakadiria gari lako kwa bei ya chini, na si lazima iwe kwa nia mbaya. Mtathmini wao alikuja yadi, akapiga picha buti lililokunjamana hadi kwenye kiti cha nyuma, akainama kutazama chesisi, akaandika kwamba gari halifai kutengenezwa kwa sababu gharama inazidi thamani. Sikupinga hilo. Nilipinga thamani. Ripoti yake ilitaja magari matatu ya kulinganisha. Mawili yalikuwa ya toleo la chini yenye injini ndogo kuliko ya langu, na la tatu lilikuwa limetembea kilomita nyingi zaidi. Ripoti haikutaja matairi mapya wala giaboksi iliyobadilishwa, kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Niliwapelekea matangazo ya magari ya toleo langu hasa, yenye mwaka na kilomita zinazokaribiana, pamoja na risiti za fundi, na kadirio likapanda. Halikupanda kufikia bei ya kununua gari jipya, wala halikupaswa, kwani bima hulipa thamani ya kitu kilivyokuwa dakika moja kabla ya kugongwa, na hapo mwenye gari hubaki na pengo ambalo hakuna sheria inayomlazimisha dereva mlevi kulifukia. Nalitamka hili kwa uchungu. Kuna pia ada ya yadi inayohesabiwa kila siku gari linapolala pale, ambayo kampuni hukataa kuilipa pale inapoona mwenye gari alichelewa kutoa idhini. Idhini ya kulihamisha itolewe kwa maandishi mapema, baada ya picha kupigwa.

Mwili ni sura ndefu zaidi, na hapa ndipo haraka ya kampuni inapoonekana kwa upande wake mwingine. Ile kampuni iliyokuwa ikisubiri upelelezi ilipata ghafla wepesi wa kulipa mara tu uwajibikaji ulipokubaliwa. Nilipelekewa pendekezo la kiasi fulani cha pesa kwa ajili ya maumivu na usumbufu, likiwa na hati ya kusaini. Kiasi kile kilikuwa kizuri kwa mtu mwenye shingo iliyokakamaa tu. Hati, niliyoisoma neno kwa neno, ilisema kwamba nikipokea ninamwachilia dereva na kampuni yake kutokana na madai yote, yanayojulikana na yasiyojulikana, ya sasa na ya baadaye, yatokanayo na ajali hiyo. Neno "yasiyojulikana" ndilo linalouzwa na kununuliwa hapo. Majeraha ya shingo na mgongo yana tabia ya kujitokeza kidogo kidogo: siku za kwanza mtu hudhani amepona, kisha ganzi, kisha kipimo kinachoonyesha pingili iliyobana mshipa wa fahamu. Hati ikishasainiwa, kipimo hicho ni gharama yako.

Ushauri unaotolewa na mawakili wa pande nyingi za dunia ni kutosaini hati ya dai la mwili hadi daktari aseme kwamba umefika mahali ambapo hali haitegemewi kubadilika sana, iwe umepona au umebaki na ulemavu wa kudumu. Nilifuata ushauri huo, na ulinigharimu, kwa kuwa bili hazingoji. Unaweza kusaini la gari peke yake ikiwa hati inasema waziwazi kwamba ni kwa uharibifu wa mali tu. Unaweza pia kuomba malipo ya awali ya matibabu wakati dai linaendelea, na baadhi ya kampuni hukubali. Kuna ukomo wa kisheria wa kufungua shauri ambao hausimami eti kwa sababu mnaendelea kuandikiana barua kwa upole, na kampuni haina wajibu wa kukukumbusha tarehe hiyo. Mtu aiandike mahali atakapoiona.

Nimesema ulevi hauongezi kiasi, na hapo msomaji makini atanisahihisha, kwa sababu kuna mahali unaongeza. Mwaka 1979 Mahakama Kuu ya jimbo la California iliamua kwamba dereva aliyejilevya akijua kwamba ataendesha gari anaweza kuamriwa kulipa fidia ya adhabu, yaani pesa zinazozidi hasara halisi, kwa lengo la kumwadhibu. Hiyo ndiyo fidia ambayo kila aliyegongwa na mlevi huiota. Lakini jimbo hilohilo haliruhusu bima ilipe fidia ya adhabu, kwa hoja kwamba adhabu inayolipwa na mwingine si adhabu. Kwa hiyo sehemu pekee ya kiasi inayotokana na ulevi ndiyo sehemu pekee isiyolipwa na bima, na itabidi uitafute katika mifuko ya dereva mwenyewe, kama ina kitu. Marekani angalau imeweka jambo moja wazi: deni la kumjeruhi au kumuua mtu kwa kuendesha gari ukiwa umelewa halifutwi na kufilisika, hata kama madeni mengine yote ya mtu huyo yanafutwa.

Basi hasira iende wapi? Kwa maoni yangu, iende mahakamani, kwenye kesi ya jinai, ambako ulevi ndio shauri lenyewe. Mahakama nyingi humruhusu aliyedhurika aeleze madhara aliyoyapata kabla ya adhabu kutolewa, na zinaweza kuamuru mkosaji alipe gharama fulani kama sehemu ya adhabu. Nilisimama nikasema kuhusu vidole, kuhusu kulala nimeketi, na kuhusu mtoto ambaye siku hiyo kwa bahati hakuwa kwenye kiti cha nyuma. Yote hayo niliyaondoa katika barua za madai. Rasimu yangu ya kwanza ya barua kwa kampuni ilikuwa na kurasa mbili za kumlaani dereva. Wakili aliyeipitia alizikata kwa mstari mmoja wa kalamu, akaacha jedwali la gharama, tarehe na namba za risiti. Alikuwa sahihi. Afisa anayesoma barua hana mamlaka ya kuadhibu mtu. Ana fomu yenye visanduku vya gharama za matibabu, mapato yaliyopotea, matibabu yajayo na maumivu, na kila kisanduku kisichokuwa na karatasi nyuma yake hujazwa sifuri. Jambo moja la kuangalia ni kwamba malipo yaliyoamriwa na mahakama ya jinai kwa kawaida hupunguzwa kwenye fidia kwa gharama zilezile, kwa kuwa hasara moja hailipwi mara mbili. Kabla ya kupokea chochote kutoka kwa dereva au jamaa zake, hata kile kinachotolewa kwa moyo mzuri nje ya mahakama, hakikisha risiti haisemi kwamba ni malipo ya mwisho.

Mapato yaliyopotea yalinisumbua kuliko nilivyotegemea. Aliyeajiriwa anapata barua ya mwajiri na hati za mshahara za kabla na baada. Mimi nusu ya kipato changu kilitokana na kazi za kandarasi ndogo, na kampuni iliitaka nusu hiyo ithibitishwe kwa taarifa za kodi. Nilikuwa nazo. Waliojiajiri wasiotunza hesabu huumia hapa zaidi ya popote, na naona ni udhalimu ambao hauzungumzwi vya kutosha, kwamba watu wawili wanaweza kuumia sawasawa katika ajali moja na mwenye karatasi akalipwa maradufu.

La mwili lilimalizika kwa suluhu, bila kesi kusikilizwa, kwa kiasi kilichokuwa mara kadhaa ya kile cha pendekezo la kwanza. Miezi kadhaa baadaye, nikiwa nimeshaacha kufuatilia, kampuni yangu ilinirudishia ile sehemu ya hasara ya gari niliyokuwa nimejilipia, baada ya kuipata kutoka kwa wenzao. Barua iliyoambatana na malipo hayo ilikuwa na mistari mitatu, namba ya dai na kiasi, na haikutaja popote kwamba aliyenigonga alikuwa amelewa.